Mali Bila Daftari

Kila mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha hutoka nje ya jengo la Hazina jijini Nairobi, husimama mbele ya wapiga picha na kuuinua mkoba wa bajeti. Kesho yake magazeti huichapisha picha hiyo pamoja na orodha ya bidhaa zilizopanda bei na zilizoshuka. Wananchi huipitia orodha, kuanzia sigara na pombe hadi unga na mafuta ya taa, wakaguna, kisha wakaenda zao kazini. Lakini ndani ya mkoba ule mna jambo jingine ambalo aghalabu halipewi nafasi katika ukurasa wa kwanza. Serikali imekusudia kutumia fedha nyingi kuliko itakazokusanya. Pengo linalobaki litazibwa kwa mikopo, na mikopo hiyo italipwa na watu ambao hawakualikwa kwenye mashauriano.

Pengo hilo wataalamu wa uchumi huliita nakisi ya bajeti. Sisi tunaopigania mageuzi tumezoea kuzungumza juu ya kura, mahakama, polisi na haki ya kukusanyika. Bajeti tumewaachia mabingwa wa hesabu. Tunaamini kwamba hilo limekuwa kosa, na makala haya yana nia ya kulirekebisha.

Katika mjadala wa nakisi kumekuwapo kambi mbili. Kambi ya kwanza husema kwamba nakisi ni ugonjwa na dawa yake ni kupunguza matumizi: wafanyakazi wastaafishwe, ruzuku ziondolewe, mgonjwa ajilipie dawa na mzazi anunue dawati. Kambi hii ilipata nguvu miaka ya 1980 na 1990, Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zilipoiwekea nchi yetu masharti ya marekebisho ya uchumi. Kambi ya pili husema kwamba nchi changa haiwezi kujengwa bila kukopa, na kwamba anayeuliza gharama ya barabara ni adui wa maendeleo. Kambi hii ya pili haina chama. Imekaa Ikulu chini ya kila serikali.

Kila kambi ina chembe ya ukweli, na kila moja imewahi kutuumiza. Ni vyema tuzipime zote mbili kwa mambo yaliyotokea humu nchini, tusizipime kwa nadharia za vitabuni.

DENI LA MBEGU NA DENI LA HARUSI

Mkulima anayekopa mbegu na mbolea kabla ya mvua za masika hajakosea. Mvua ikinyesha vizuri atavuna, atalipa deni na kubakiwa na akiba ya chakula. Jirani yake aliyekopa ili akialike kijiji kizima kwenye karamu naye atadaiwa vilevile, ila hatakuwa na shamba la kumlipia. Wahenga walimwona huyu wa pili wakasema: kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa hiyo deni halihukumiwi kwa ukubwa wake peke yake. Sharti tuulize limenunua nini, na kilichonunuliwa kitazaa nini.

Mpaka hapo serikali na nyumba hufanana. Lakini iko tofauti moja ambayo wanasiasa wangependa tuisahau. Katika nyumba, aliyekopa na atakayelipa hula chungu kimoja. Baba akiuza ng'ombe ili alipie anasa zake, atakosa maziwa pamoja na watoto wake. Katika serikali, aliyetia sahihi mkopo huenda akastaafu na marupurupu yake kamili kabla malipo ya kwanza hayajafika. Atakayelipa ni mama muuza mboga wa Marikiti, anayetozwa ushuru katika sabuni na kiberiti anachonunua, na mtoto wa chekechea ambaye hajui hata maana ya riba.

Maadamu mkopaji na mlipaji wametenganishwa hivyo, hapana budi pawepo kitu cha kuwaunganisha. Kitu hicho ni daftari lililo wazi, ambalo mlipaji anaweza kulifungua kabla deni halijachukuliwa, na kulifungua tena baada ya fedha kutumika. Hili nalo wahenga walilinena: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hiyo ndiyo hoja yetu. Tunaikubali nakisi pale inapostahili. Nakisi ya gizani hatuikubali, na tunasema kwamba vyama vingi visivyoweza kulifungua daftari la taifa ni vyama vingi vya jina.

MKANDA ULIOKAZWA SHINGONI

Tuanze na kambi ya kukaza mkanda. Mnamo Desemba 1989 serikali ilianza kuwatoza ada wagonjwa wa nje katika hospitali za umma, chini ya mpango wa kuchangia gharama. Ilidaiwa kwamba ada yenyewe ni ndogo na kwamba itaupunguza mzigo wa Hazina. Watafiti waliofuatilia kliniki ya umma ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1992, waligundua kwamba katika kipindi cha ada mahudhurio ya wanaume yalishuka hadi asilimia 40 ya yale ya awali, na ya wanawake hadi asilimia 65.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo virusi vya UKIMWI vilikuwa vikienea kwa kasi, na mtu mwenye ugonjwa wa zinaa usiotibiwa huambukizwa na kuambukiza kwa urahisi zaidi. Ada ya wagonjwa wa nje ilisimamishwa mwaka 1990, kisha mpango ukarejeshwa hatua kwa hatua kuanzia 1992. Mhasibu wa serikali aliziona shilingi zilizookolewa. Katika kitabu chake hapakuwa na safu ya kuandikia maambukizi, vifo na mayatima. Gharama iliyoondolewa katika bajeti haikutoweka. Ilihamia kwenye mikeka ya wagonjwa vijijini na kwenye mabega ya akina nyanya waliowalea wajukuu zao.

Kinyume chake tulikiona Januari 2003, serikali ya NARC ilipofuta karo katika shule za msingi za umma. Idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi takriban milioni 7.2. Serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi, fedha ambazo mlo mmoja wa waheshimiwa wachache katika hoteli ya kifahari ungeweza kuzimaliza. Mwaka 2004 mzee Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyekuwa na umri wa miaka 84, alivaa kaptura na soksi ndefu akajiandikisha darasa la kwanza huko Eldoret, kwa kuwa utotoni mwake hakuwahi kupata nafasi ya kujifunza kusoma. Madarasa yalifurika, walimu hawakutosha, na watoto wengi walisomea sakafuni. Lakini hatujamsikia mzazi aliyeandamana akitaka karo irudishwe. Ikiwa kuna jambo ambalo taifa lina haki ya kulikopea, ni mtoto kujua kusoma, kwani huyo mtoto ndiye atakayelilipa deni lenyewe.

Hata hivyo mpango huo mwema nao uliingiliwa na panya. Mwaka 2009 wizi katika fedha za elimu ulifichuka, na Uingereza ikausimamisha msaada wake. Aliyeiba alikuwa mkubwa ofisini, aliyepungukiwa na vitabu akawa mwanafunzi. Mbegu bora huliwa ghalani pasipokuwa na mlinzi, na aliyeliwa mbegu huanza kuamini kwamba kilimo chenyewe hakina faida. Hivyo ndivyo ufisadi unavyoitilia nguvu kambi ya kukaza mkanda: huyachafua matumizi ya umma yanayofaa hata wananchi wakayachukia pamoja na yale yasiyofaa.

MAENDELEO YA KUZINDULIWA

Sasa tuigeukie kambi ya maendeleo. Mwaka 1989 ulitangazwa mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, kwa kutegemea mikopo ya nje, ndani yake makao makuu ya chama tawala. Profesa Wangari Maathai alipouliza kwa nini taifa lenye watu wenye njaa lijitwike mzigo huo, alitukanwa Bungeni na shirika lake la Green Belt likafukuzwa katika ofisi ya serikali lililokuwa likiitumia. Wenye mikopo waliposita, mradi ulikufa. Mwaka 1990 gari la Nyayo Pioneer lilizinduliwa Kasarani kwa mbwembwe na hotuba, na mpango wa kuliunda kwa wingi haukutimia kamwe. Bustani ya Uhuru Park bado ipo. Anayejipumzisha kwenye nyasi zake anajipumzisha juu ya deni lililozuiwa kwa sababu mwananchi mmoja aliuliza bei.

Hayo yalikuwa manyunyu. Mvua yenyewe ilikuja mwaka 1992.

Kuelekea uchaguzi wa Desemba 29, 1992, fedha zilimwagwa kwa kampeni hata noti ya shilingi 500 ikapewa na wananchi jina la mmoja wa vinara wa kundi la YK'92. Wakati huohuo mabilioni ya shilingi za umma yalikuwa yakitolewa kwa kampuni ya Goldenberg, eti kama fidia ya kuuza ng'ambo dhahabu na almasi ambazo Kenya haikuwa nazo kwa kiasi hicho. Mwaka 1993 mfumko wa bei ulifika takriban asilimia 46. Ili kuzinyonya fedha zilizofurika sokoni, dhamana za Hazina za muda mfupi ziliuzwa kwa riba iliyopita asilimia 70 kwa mwaka.

Tutafakari maana ya tarakimu hizo. Mwalimu ambaye mshahara wake haukuongezwa mwaka huo alikuwa amekatwa karibu theluthi moja ya uwezo wake wa kununua, bila kuandikiwa barua. Aliyekuwa na mtaji mkubwa aliikopesha serikali, akalala, akaamka tajiri bila kuzalisha hata jembe moja. Fundi wa jua kali aliyehitaji mkopo wa kununua mashine ya kuchomelea hakupata benki ya kumsikiliza, kwani ni benki gani itakayohangaika na fundi ilhali Hazina yenyewe inalipa riba ya namna hiyo? Huo ulikuwa ushuru kamili, tena mzito, ila haukusomwa na Waziri wala kujadiliwa na Bunge.

Na ni nani aliyelifungua daftari? Alikuwa karani wa Benki Kuu, David Munyakei, ambaye nyaraka alizozitoa zilifika mikononi mwa wabunge wa upinzani na kusomwa Bungeni mwaka 1993. Alikamatwa, akafutwa kazi, na alifariki mwaka 2006 katika umaskini. Tunapowataja mashujaa wa demokrasia tusimsahau karani huyu. Laiti asingekuwapo, wabunge wa upinzani wangebaki na ghadhabu tupu. Na laiti wasingekuwapo wabunge hao, nyaraka zake zisingepata mahali pa kusomewa.

SWALI TUSILOPASWA KULIKWEPA

Hapa wanaopinga mageuzi hutuuliza swali la haki. Je, si kweli kwamba Hazina ilifilisiwa katika uchaguzi uleule tulioudai sisi? Si kweli kwamba ushindani wa vyama ndio unaozaa nakisi, kwa kuwa kila chama huahidi zaidi ya kingine? Nao wana ushahidi wa karibu zaidi. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 9, serikali ilitangaza kwamba pakiti ya unga ya kilo 2 itauzwa kwa shilingi 100. Uchaguzi ulipopita ruzuku ilikuwa imekwisha, na wasagishaji wakabaki wakidai malipo yao.

Tunajibu kwamba maelezo yao ni ya kweli, ila sababu wanayoitoa siyo. Desemba 1991 Bunge lilifuta Kifungu cha 2A cha Katiba ya wakati huo, na vyama vikaruhusiwa. Hicho kilikuwa kifungu kimoja. Hazina, Benki Kuu, redio ya taifa na wakuu wa wilaya walibaki mikononi mwa walewale. Ripoti za ukaguzi wa hesabu zilifika Bungeni miaka kadhaa baada ya fedha kuliwa, wakati ambapo aliyezila alikuwa amekwisha kuhamishwa, kustaafu au kuzikwa kwa heshima. Mlango wa nyumba ulifunguliwa, lakini sanduku lililo ndani likabaki limefungwa na ufunguo wake mfukoni mwa mtu mmoja.

Ushindani wa namna hiyo ni mnada ambao mnunuzi mmoja analipa kwa fedha za wanaomtazama. Mpiga kura anayeonyeshwa unga wa shilingi 100 na asionyeshwe risiti hawezi kulaumiwa kwa kuupokea, kwani njaa haina chama. Yamkini angeukubali hata baada ya kuiona risiti, maana kumlisha mwenye njaa ni matumizi halali ya fedha za umma. Lakini angejua unga huo unatoka wapi, utakwisha lini na ni kitu gani kitakachokatwa ili ulipiwe. Cha mlevi huliwa na mgema, na mgema naye hula vizuri zaidi pale mlevi asipokiona kipimo.

Kwa hiyo tiba ya kasoro za vyama vingi ni kuyakamilisha mageuzi hayo. Anayetaka turudi kwenye chama kimoja kwa ajili ya kuokoa fedha amesahau ni chini ya chama kimoja ndipo lilipopangwa lile jumba la ghorofa 60.

KATIBA ILINENA, HAZINA HAIKUSIKIA

Katiba ya mwaka 2010 ilijaribu kulifungua lile sanduku. Kifungu cha 201 kinataka uwazi, uwajibikaji na ushirikishwaji wa wananchi katika fedha za umma, na kinaagiza kwamba mizigo na manufaa ya ukopaji vigawanywe kwa usawa kati ya vizazi vya sasa na vijavyo. Kifungu cha 226 kinamfanya afisa anayeidhinisha matumizi kinyume cha sheria kuwajibika binafsi kwa hasara. Kifungu cha 229 kinamtaka Mkaguzi Mkuu atoe ripoti yake ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kumalizika, na Bunge liijadili ndani ya miezi 3. Ni vigumu kuandika sheria iliyo wazi zaidi. Kilichofuata kinatufunza kwamba sheria nayo huhitaji watu wa kuisimamia.

Mwaka 2014 Kenya ilikwenda katika masoko ya nje kukopa kwa hatifungani, na kufikia mwisho wa mwaka ilikuwa imekopa dola bilioni 2.75. Kabla ya hapo ilibidi serikali ilipe takriban shilingi bilioni 1.4 kwa wenye kandarasi za kashfa ya Anglo Leasing, walioishinda katika mahakama za ng'ambo. Mikataba iliyofanywa gizani mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikawa ndiyo kiingilio cha kukopa upya.

Mwaka 2017 ikazinduliwa reli ya kisasa kutoka Mombasa hadi Nairobi, kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 327, sehemu kubwa ikiwa mikopo ya benki ya Exim ya Uchina. Hatusemi kwamba reli haina faida. Aliyewahi kulala Mtito Andei katika basi lililoharibika anaijua faida yake. Tunasema kwamba mikataba yake iliwekwa siri, wanaharakati wakaenda mahakamani kuidai, na baadhi ya kurasa zake zilitolewa Novemba 2022, treni ikiwa imekwisha kusafirisha abiria kwa miaka 5. Wakati wote huo bidhaa zilizoagizwa kutoka nje zilikuwa zikitozwa ushuru wa reli, ulioanza mwaka 2013. Mwananchi alilipa kwanza, akaonyeshwa baadaye, tena nusunusu.

Deni la taifa, lililokuwa takriban shilingi trilioni 1.9 mwaka 2013, lilipita trilioni 10 mwaka 2023. Kila lilipokikaribia kikomo cha kisheria, kikomo kilisogezwa: trilioni 9 mwaka 2019, trilioni 10 mwaka 2022, na mwaka 2023 kikageuzwa kuwa asilimia 55 ya pato la taifa kwa thamani ya sasa ya deni. Ni kama mtu anayeupima unene wake kwa mshipi, na kila Krismasi akatoboa tundu jipya. Februari 2024, ili kulipa deni la 2014 ambalo riba yake ilikuwa asilimia 6.875, serikali ilikopa dola bilioni 1.5 kwa gharama ya zaidi ya asilimia 10. Mwezi huohuo ilitoa humu nchini hatifungani ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46. Fundi wa jua kali aliyenyimwa mkopo mwaka 1993 alikuwa amekwisha kuzeeka. Mwanawe alikwenda benki akakutana na jibu lile lile.

Ndipo ukaja Mswada wa Fedha wa 2024, uliokusudiwa kukusanya takriban shilingi bilioni 346 za ziada. Vijana waliusoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za mama zao, wakaufafanua kwa yeyote aliyetaka kusikia. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni na risasi zikafyatuliwa. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo zaidi ya 50 katika maandamano ya Juni na Julai. Juni 26 Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo. Kabla ya mwaka kwisha, mnamo Desemba, baadhi ya mapendekezo yake yalirejea kupitia sheria nyingine ya ushuru.

Wapo waliowaita vijana hao wahuni na maadui wa maendeleo. Sisi tuliona wakiifanya kazi ambayo kizazi chetu kiliiacha njiani. Tulidai sanduku la kura tukalipata, tukaenda nyumbani tukiwa tumeridhika. Wao wakadai daftari. Hakuna taifa linalostahili kuzika watoto wake ndipo lijifunze kusoma bajeti, na kila mzazi aliyepoteza mtoto mwaka ule anatudai jibu ambalo hakuna hatifungani inayoweza kulilipa.

TUNAYOYADAI

Kwanza, kila mkataba wa mkopo uchapishwe kabla ya kutiwa sahihi, kwa Kiswahili na Kiingereza, ukionyesha riba, muda wa kulipa, na mali ya umma iliyowekwa rehani ikiwa ipo. Mkopo ambao mlipaji haruhusiwi kuusoma usihesabiwe kuwa wake.

Pili, kila mradi mkubwa utanguliwe na maelezo ya wazi: utazaa nini, nani amepima, na ni zahanati, shule au barabara ngapi ambazo zingejengwa kwa fedha hizo. Waziri akishindwa kuyaandika hayo kwa lugha ambayo mwananchi wa kawaida anaielewa, basi mradi huo bado haujaiva.

Tatu, yale mamlaka ya Kifungu cha 223, yanayoiruhusu serikali kutumia fedha kwanza na kuliomba Bunge idhini baadaye, yafungwe katika miezi ya kuelekea uchaguzi, isipokuwa kwa janga ambalo Bunge lenyewe limelithibitisha.

Nne, ripoti za Mkaguzi Mkuu zijadiliwe katika muda uliowekwa na Katiba, na Kifungu cha 226 kitumike kwa kurudisha fedha kutoka mfukoni mwa afisa aliyezipoteza. Ripoti inayosomwa na kufungiwa kabatini ni sawa na filimbi inayopulizwa mwizi akiwa amekwisha kuvuka mpaka.

Tano, pale inapolazimu kukaza mkanda, ukazwe kuanzia juu. Magari makubwa, safari za ng'ambo, na ofisi zilizobuniwa kuwazawadia waliofanya kampeni zikatwe kabla ya kuguswa kwa dawa za zahanati na posho za walimu wa mkataba.

Sita, na hili tunajielekezea wenyewe: chama chochote cha upinzani kinachotoa ahadi kitaje gharama yake na mahali fedha zitakapotoka. Hatuwezi kuidai risiti kutoka Ikulu ilhali sisi tunauza ahadi bila bei. Tumewahi kuwaona waliokuwa nasi barabarani wakiingia serikalini na kujifunza haraka sana utamu wa giza.

Ndugu msomaji, huenda ukaona kwamba mambo haya ni makubwa mno kwako. La hasha. Daftari la taifa huanzia karibu na nyumbani. Nenda katika zahanati ya kata yako uulize ilitengewa kiasi gani mwaka huu na ilipokea kiasi gani. Hudhuria kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti, ambacho aghalabu hutangazwa kwa siri na kufanywa saa ambazo watu wako shambani, na udai kiitishwe siku ambayo watu wanaweza kufika. Muulize mbunge wako alipiga kura gani juu ya kikomo cha deni. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, nawe huhitaji kuomba radhi kwa kuitumia.

Ukiwa umeona hesabu, huenda ukakubali kwamba tukope kwa ajili ya maji ya Turkana au hospitali ya Tana River, hata kama nakisi itaongezeka. Huenda pia ukakataa. Vyovyote utakavyoamua, deni hilo litakuwa lako kwa haki, na utakapolilipa utakuwa unalipia jambo ulilolichagua. Juni ijayo mkoba utainuliwa tena mbele ya jengo la Hazina. Tusiridhike na kuutazama ukiwa umefungwa.